Elina Binti Alute, Aliyesali Nje ya Dirisha

Wazee wetu shikamooni, baba zangu na mama zangu mliotoka mbali poleni na safari, na ninyi majirani wa Irunda ambao hamjalala tangu Jumanne poleni na kazi. Mimi ni Luciana binti Alute, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na ukoo umenituma nisome maisha ya dada yangu hapa uwanjani kwake, leo Alhamisi tarehe 16 Juni 1977. Jana wazee wa kanisa walipotutembelea walituomba historia hii iwe fupi, na ikiwezekana isomwe na mwanamume asiye na hasira, tukatafuta katika ukoo mzima wa Mzee Alute, mwanamume wa namna hiyo hakupatikana, kwa hiyo mtanivumilia mimi.

Elina alizaliwa Ihanja tarehe 12 Machi 1935, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Alute na mama yetu Marietha, huyu mnayemwona amekaa hapa kwenye mkeka na ambaye hakutegemea kuliona jeneza la mwanawe. Alibatizwa mwaka huohuo, akakulia kwenye tembe ya baba pamoja na ndama na watoto wa ndugu, na kwa kuwa mama alikuwa shambani tangu kukicha, wadogo zake wote tulilelewa mgongoni kwake, mimi nikiwamo, hata nilipoanza kutembea nilikuwa nalia nikiona mgongo ule umebeba mtoto mwingine. Watu wa Ihanja walikuwa wakimtania kwamba akizaliwa mtoto hata kwa jirani, Elina atatokea na kitambaa cha kumbebea. Alikuwa na mkono wa watoto, na hilo hata waliomchukia hawakulikataa.

Alianza shule ya misheni mwaka 1945, akamaliza darasa la nne mwaka 1949, na mwalimu wake alikuja mwenyewe kwa miguu kumwomba baba amruhusu aendelee, baba akamkaribisha mgeni, akampa maziwa ya mgando, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba binti anayejua kusoma barua na Biblia ametosha. Elina alilia, akafuta machozi, na mwaka 1950 akaenda kufanya kazi kwenye zahanati ya misheni, chumba cha wazazi, akiogesha vichanga na kufua nguo za waliojifungua, kazi aliyoifanya kwa moyo mpaka alipoolewa.

Tarehe 8 Oktoba 1955 alifunga ndoa takatifu na Filipo, ambaye wakati ule alikuwa mwinjilisti kijana mwenye sauti nzuri na baiskeli mbovu, na Mungu akawajalia watoto watano, Simeoni aliyezaliwa mwaka 1957, Esta mwaka 1959, Damiani mwaka 1963, Martha mwaka 1966, na kitinda mimba Marietha, somo wa bibi yake, mwaka 1971. Mwaka 1962, nchi ikiwa bado changa na sisi sote tukiimba uhuru, Filipo aliwekewa mikono akawa mchungaji, akapangiwa usharika wa huku Irunda, na dada yangu naye akaacha kuitwa Elina, akawa Mama Mchungaji, jina ambalo watu huliona ni heshima tu kwa sababu hawajawahi kukaa kwenye lile benchi.

Wageni mliotoka mbali hamlijui benchi ninalolisema. Katika usharika huu wanaume hukaa mkono wa kulia na wanawake mkono wa kushoto, na mbele kabisa upande wa wanawake, hatua chache tu kutoka madhabahuni, kuna benchi la mke wa mchungaji na watoto wake, halina mtu mwingine, ili usharika mzima uone jinsi nyumba ya mchungaji inavyotulia. Ilikuwa sheria ya wazee wa kanisa kwamba aliyekaa kwenye benchi lile hatoki mpaka baraka ya mwisho itamkwe, awe anaumwa, awe na mtoto anayetaka haja, awe na nini. Mama mwingine mtoto akilia huchomoka nyuma kimyakimya akamnyonyesha nje, lakini Mama Mchungaji ni kioo, ndivyo walivyosema, na kioo hakinyanyuki. Na kwa kuwa mumewe yuko mbele amevaa joho, mikono yote ya kuwashika wale watoto ilikuwa miwili tu, yake.

Basi dada yangu akatafuta maarifa. Karanga aliziacha kwa sababu zinatafunwa kwa kelele, akawa analoweka michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, usiku wa kuamkia Jumapili ili ikifika asubuhi iwe laini, mtoto aitafune asisikike hata na aliye kando yake. Mtoto mchanga alilambishwa asali kwenye ncha ya kidole. Na wale wanaoanza kuuliza kama ibada imekwisha, aliwafungia mafundo kwenye pindo la kanga yake, fundo la wimbo wa kwanza, fundo la maungamo, la masomo, fundo kubwa kuliko yote la mahubiri, la sadaka, na la mwisho kabisa, dogo, la baraka, na kila sehemu ikiisha mtoto alifungua fundo moja, akajua amefika wapi na kumebaki nini. Simeoni na Esta walikua kwa mafundo yale. Nimewahi kumwona Esta akiwa na miaka minne ameshikilia fundo la mahubiri kwa mikono yote miwili, anamtazama baba yake pale juu kama mtu anayengoja mahindi yaive, na baba hamalizi.

Sasa nafika mahali ambapo jana niliombwa nipite upesi, na sitapita upesi.

Jumapili tarehe 20 Agosti 1967 usharika ulikuwa na wageni, mkuu wa jimbo na mwinjilisti aliyefuatana naye upande wa kanisa, na upande wa serikali katibu tarafa, ambaye baada ya ibada alikuwa aeleze habari za Azimio na vijiji vya ujamaa. Kanisa lilifagiwa mara mbili, na wazee walipita nyumba kwa nyumba wakisema watoto wasituaibishe. Mlangoni alisimama mzee wa zamu, Mzee Yeremia, na fimbo yake ndefu ile ya kugusia vichwa vya watoto wanaonong'ona na watu wazima wanaosinzia. Dada yangu alikuwa na Martha mgongoni, na Damiani, ambaye alikuwa na miaka minne, alikuwa amelala mapajani pake tangu wimbo wa kwanza, jambo ambalo Damiani hakuwa nalo, kwa sababu Damiani alikuwa mtoto wa kupanda juu ya benchi na kuwapungia mkono waimbaji. Katikati ya masomo mwili wake ulikuwa unaungua na shingo imekaza.

Elina akasimama. Kanisa zima likageuka kumtazama, akapita katikati na watoto wake wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, na alipofika mlangoni Mzee Yeremia akaweka fimbo yake kuukinga mlango, hivi, kama mtu anayezuia mbuzi. Akamwambia, "Mama Mchungaji, rudi ukae, wageni wanatazama." Dada yangu akamwambia mtoto anaungua. Mzee Yeremia akasema, "Atatulia, baraka bado." Elina akageuza uso kumtazama mumewe kule mbele, naye Mchungaji akamwona, maana wote walimwona, akainamisha macho kwenye kitabu, akasema, "Tuendelee."

Shemeji yangu Filipo, uko hapa, unanisikia, na hakuna aliyepo ambaye hajui kwamba neno lile ulilisema.

Elina akarudi akaketi. Walihubiri wageni wawili, mmoja baada ya mwingine, na katika baraka, mikono ya mchungaji ikiwa juu, Damiani akashikwa na degedege pale benchini, povu likamtoka, na hapo ndipo mlango ulipofunguka, na sasa kila mtu anakimbia, kila mtu analeta maji, kila mtu ana huruma. Alipelekwa hospitali kwa gari la katibu tarafa, na huyo namshukuru mpaka leo, maana hakungoja hata kula. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mtoto alipona, lakini masikio hayakupona, na tangu siku ile Damiani hajasikia sauti ya mtu, wala ya kengele, wala ya mama yake. Mganga alisema kwa haki kwamba hawezi kuapa kama kuwahi kungemwokoa, ugonjwa ule ni mkali, huenda ingekuwa vilevile. Huenda. Dada yangu alilala na neno hilo miaka kumi, wakati aliyeweka fimbo alilala usingizi wake vizuri tu.

Na bado hayakuishia hapo, jamani, ingekuwa yameishia hapo labda leo ningesoma kwa sauti ya chini. Mtoto asiyesikia hajui ukubwa wa sauti yake, akifurahi hupiga ukelele, akiona kitu huita, na Damiani alipenda kanisa, sijui kwa nini, mimi ningelichukia. Mama yake akamfungia tena yale mafundo, na kwa kuwa hasikii wimbo unapoisha, alimgusa goti, mtoto akafungua fundo moja, akamgusa tena, akafungua lingine, wakaenda hivyo mpaka baraka. Hapo ndipo wazee walipokuja nyumbani kwa mchungaji, wakanywa chai yake, wakamwambia kwamba mtoto yule anavuruga ibada, afadhali awe anaachwa nyumbani Jumapili. Waliosema hivyo ni watu walewale. Mimi nilikuwepo, nilikuwa namenya viazi mlangoni, nikakaribia kujikata kidole kwa hasira.

Jumapili ya Matawi, tarehe 30 Machi 1969, watoto waliingia kanisani wakipunga matawi, na Damiani alipoyaona yale majani yote yanatembea, akapiga ukelele wa furaha mpaka njiwa wakaruka darini. Mzee Yeremia akamwambia nyamaza. Akamwambia mara ya pili, kana kwamba mtoto ni mkaidi, kana kwamba si yeye anayejua kuliko wote kwa nini mtoto yule hasikii, kisha akamchapa kichwani kwa fimbo. Dada yangu, ambaye kwa miaka saba alikuwa kioo, aliinuka, akaichukua ile fimbo mkononi mwa mzee, akaivunja gotini kama kuni, akasema bila kupaza sauti, "Masikio yameshakwenda, Mzee Yeremia, hii sauti mwachieni Mungu." Ndivyo alivyosema, hakutukana, wala hakulaani.

Kwa maneno hayo na fimbo hiyo, wazee wa kanisa walimtenga na meza ya Bwana, mpaka atakaposimama mbele ya usharika atubu. Wakasubiri atubu Pasaka, akawaambia hajui atubu lipi. Wakasubiri Krismasi. Mumewe alimbembeleza, baba yetu, marehemu sasa, alitoka Ihanja kuja kumbembeleza, na mimi pia niliwahi kumwuliza kwa nini asiseme hayo maneno mawili yaishe, akaniambia, "Nikisema nimekosa, Damiani atakuwa amechapwa kwa haki." Sikumwuliza tena.

Benchi la mbele likabaki tupu, na yeye akahamia nje, ukutani upande wa kushoto, chini ya dirisha, akatandika mkeka, akaketi na Damiani na Martha, na ibada akaisikilizia pale, akimgusa mtoto goti kila sehemu inapoisha. Haikupita miezi mingi mama mmoja mwenye mapacha akatoka akaketi naye, kisha mwingine, na mwingine, mpaka ikawa mtu akipita njiani Jumapili anadhani kuna ibada mbili. Walinyonyesha, watoto walilala, waliotambaa walitambaa, na nyimbo waliziimba kwa sauti kuliko walioko ndani. Wazee waliona, wakajifanya hawaoni. Marietha, kitinda mimba, alizaliwa mwaka 1971, hajawahi kukaa kwenye benchi la mama mchungaji hata siku moja, kanisa analolijua yeye ni lile la mkekani.

Ilipokuja operesheni ya vijiji mwaka 1974 na watu wa pembeni wakahamishiwa hapa, wengine na wazee wao migongoni, wengine wakiacha tembe zao nyuma zimebomolewa, kijiji kilihitaji mtu wa kuangalia watoto wakati akina mama wakiwa kwenye shamba la kijiji, na mkutano wa kijiji, Wakristo na Waislamu pamoja, bila mabishano, ukamchagua Elina. Alifungua kituo cha watoto katika banda la nyasi karibu na ghala la kijiji, akakiongoza mpaka alipougua, akiwalisha uji wa uwele, akiwafundisha kuhesabu kwa mawe, na Damiani akiwa msaidizi wake, maana watoto wadogo walimwelewa kwa mikono upesi kuliko sisi. Watoto wa kijiji kizima waliaminiwa mikononi mwake. Kipande cha mkate wa Bwana, hicho hakikuaminiwa mikononi mwake. Wazee wetu, wajukuu wenu walikuwa wanashinda kwake siku sita, siku ya saba mnapita mbele yake kuingia ndani, mnamwitikia shikamoo yake mkiwa mmetazama mlangoni.

Mwezi Septemba 1976 alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akayabeba kama alivyobeba mengine, mpaka Januari mwaka huu alipoanguka kituoni mbele ya watoto. Alilazwa hospitali ya mkoa Singida, akafanyiwa upasuaji mwezi wa pili, uvimbe ukaonekana umeshaenea, akarudishwa nyumbani, akalazwa tena mwezi wa tano. Alipoona siku zake zimekaribia aliomba ushirika wa meza ya Bwana. Mumewe akawapelekea wazee ombi hilo, nao wakajibu kwamba akitubu hata kitandani inatosha, Elina akacheka kidogo, akaomba aletewe Damiani. Alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 14 Juni 1977, alfajiri, Esta akiwa amemshika mkono.

Jana wazee wa kanisa walikuja kutueleza kwamba kwa kuwa marehemu hakurudi kundini, jeneza lake halitaingia kanisani, kengele haitapigwa, na mchungaji hataongoza mazishi akiwa na joho. Wakaongeza, na hili ndilo lililonikata maini, kwamba hata hapa uwanjani ingefaa watoto wapelekwe shuleni mpaka tumalize, ili kuwe na utulivu. Utulivu! Anayezikwa ni Elina, halafu watoto wakae mbali ili kuwe na utulivu. Tazameni hapo mbele. Watoto wa kituo wote wako pale kwenye mikeka kuzunguka jeneza, nimewaita mimi, nyumba kwa nyumba, wana michembe laini mikononi, na hakuna atakayewaondoa.

Na kwa kuwa historia lazima iseme kweli yote, nitasema na hili, ingawa sikutaka. Leo asubuhi shemeji yangu Filipo alivua kola yake akaiweka juu ya meza, mbele ya wazee, akasema atafuata walikomweka mke wake. Hajavaa joho si kwa sababu amekatazwa. Amekaa pale chini mkekani, na Marietha yuko mapajani pake, na katika maisha yangu yote ni mara ya kwanza kumwona mwanamume yule amepakata mtoto wakati watu wanasali. Umechelewa, shemeji. Umechelewa sana, lakini umekaa mahali pake.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali ya mkoa, hasa Muuguzi Redempta aliyemgeuza kitandani kwa upole hadi dakika ya mwisho. Tunawashukuru akina mama wa dirishani, ambao hawakumwacha akae peke yake, wenzake wa kituo cha watoto, uongozi wa kijiji, majirani zetu Waislamu walioamkia kuchimba kaburi bila kuuliza amesali ndani au nje, na Mwinjilisti Mazengo, mzee aliyestaafu, ambaye amekubali kutuombea leo akijua ataulizwa. Na wewe Mzee Yeremia, shikamoo. Umekuja, umekaa kwenye kiti, umepewa maji, hakuna atakayekugusa. Tunaomba tu kilicho mkononi mwako ukiweke chini mpaka tumalize.

Utaratibu uliobaki ni huu. Damiani ana kanga ya mama yake. Mafundo yaliyopo aliyafunga Elina mwenyewe hospitalini, vidole vyake vikiwa havina nguvu, ndiyo maana yamelegea, na akamfundisha Marietha jinsi ya kumgusa kaka yake goti. Mwinjilisti ataomba, tutaimba, Marietha atagusa, Damiani atafungua, na jeneza halitashuka mpaka fundo dogo la mwisho lifunguke, hata likikaza, hata jua likituchoma, tutamsubiri. Akipiga ukelele wake, na atapiga, asitokee mtu wa kumwambia nyamaza. Ndiyo sauti pekee hapa ambayo mama yake aliipigania.

Dada Elina, mtoto ametulia, na mlangoni hakuna mtu. Inuka, utoke. Pumzika kwa amani.